Dakika Moja ya Upande A

Neema na Deo, mmeniomba niandike niliyojifunza kwenye meza hii ya ufundi kabla hayajanitoka kichwani. Ninyi mmeanza kazi katika zama za simu, mimi nilianza katika zama za redio za mbao, na katikati yetu zimepita mashine nyingi ambazo leo watoto wakiziona wanauliza zinawashiwa wapi. Vyeo sitaandika, kwa sababu duka letu halikuwa na vyeo. Kulikuwa na anayejua na anayeshika tochi. Mshahara nao tuuache, haukuwa na hadithi ndefu. Nitaandika habari za mashine, za mwalimu wangu na za wateja, na nitaandika kosa moja ambalo sikumwambia mtu kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Hilo nitalifikia zamu yake ikifika, kwa hiyo msiruke kurasa.

Nilishuka melini hapa Mwanza asubuhi kutoka Bukoba nikiwa na cheti cha chuo cha ufundi, sanduku la bati, na mkungu wa ndizi ambao mama alisisitiza nimpelekee mwajiri wangu. Mwajiri huyo alikuwa Mzee Magesa, Mjita mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Duka lake lilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, kimejaa redio mpaka darini. Aliutazama mkungu, akanitazama mimi, akasema, "Ndizi tutakula. Wewe tutakuona." Huko ndiko kulikuwa kukaribishwa kwangu.

Saa nne akaingia mteja wangu wa kwanza, bwana mmoja mwenye redio kwapani. Akaniambia, "Binti, niitie fundi."

Mzee Magesa alikuwa ametupa mgongo na wala hakugeuka. "Ndiye huyo. Mwachie redio."

"Mzee, huyu si mtoto wa kike?"

"Redio haijauliza," akajibu Mzee Magesa.

Ulikuwa waya wa spika umekatika tu, kazi ya dakika kumi. Mimi niliifanya kwa nusu saa, na risasi ya moto ya kuungia nyaya ikanidondokea kwenye sketi ikaacha tundu ambalo nililivaa mwaka mzima.

Msije mkadhani Mzee Magesa alikuwa mtu mpole. Alikuwa mkali, mbishi, na mwenye sheria nyingi ambazo hazikumhusu yeye mwenyewe. Alipiga marufuku kula mezani, huku yeye akila karanga juu ya redio iliyofunguliwa. Siku mteja alipokuta maganda mekundu ya karanga ndani ya redio yake, mzee alisema ni panya. Mteja akasema karanga zilikuwa za kukaanga. Mzee akasema panya wa Mwanza wameendelea.

Lakini kazi aliijua. Kabla hujashika mita, alisema, nusa. Transfoma iliyoungua ina harufu yake, mkojo wa mende una harufu yake. Redio za wavuvi wa visiwani ukizifungua tu zinanuka dagaa, na kazi ya kwanza ni kukwangua magamba na kutoa wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa. Mpaka leo nikishika simu yenye maji huwa nainusa kwanza. Nimewaona mkinicheka. Simu iliyoanguka ziwani na simu iliyoanguka chooni hazitengenezwi kwa moyo mmoja, na mteja hawezi kukwambia ni ipi.

Enzi hizo watu waliishi na mashine zao kwa imani. Betri za redio zikiisha zilianikwa juu ya bati kama dagaa, na kweli zilipata nguvu kidogo, za kutosha taarifa ya habari ya saa mbili kama hukuongeza sauti. Wengine waliziuma kwa meno. Kila nyumba yenye redio ya kaseti ilikuwa na kalamu moja isiyoandika, maana kazi yake ilikuwa kuingizwa kwenye tundu la kaseti na kuzungushwa ili mkanda urudi mwanzo bila kula betri. Nimewahi kumwona padri akizungusha kaseti ya kwaya namna hiyo, akitembea kuelekea kanisani, hatua na mzunguko vikienda pamoja. Hakuna mtu aliyejua nani alivumbua jambo hilo. Lilijulikana tu.

Televisheni zilipofika kwa wingi, tuligundua kwamba jiji letu limejengwa na mtu asiyependa antena. Haya mawe yetu yanapendeza kwenye picha, lakini nyumba ikiwa nyuma ya jiwe kubwa ilipata chenga tupu badala ya picha. Nilipanda sana mabati miaka ile. Baba mwenye nyumba alikaa sebuleni mbele ya kioo, mimi juu nikizungusha mlingoti, na kati yetu mlolongo wa watoto wakipokezana habari: "Bado! Bado! Hapo hapo! Umepitiliza!" Kuna nyumba moja Mabatini ambayo picha ilitulia pale tu nilipoushika mlingoti kwa mkono. Nikiuachia, chenga. Yule baba aliniuliza kwa dhati kabisa kama ninaweza kubaki mpaka mpira uishe.

Kisha yakaja magemu ya kuchomeka kwenye televisheni. Kaseti zake zilikuwa za njano, zimeandikwa kwamba ndani mna magemu mamia kwa mamia. Mimi nilikaa nikahesabu, maana nina ugonjwa huo. Yalikuwa kumi na mawili, halafu yanarudi yaleyale kwa majina mengine. Watoto wote wa Mwanza walijua na hakuna aliyelalamika. Gemu likikataa, uliitoa kaseti, ukaipuliza, ukairudisha. Kitaalamu pumzi ilikuwa inaharibu, ina unyevu. Kilichosaidia ni kule kuitoa na kuirudisha. Nimewaeleza watu wazima jambo hili, wakanitazama kwa huruma, wakaipuliza tena.

Mwaka juzi alinijia baba mmoja mwenye gari zuri, amebeba gemu lake la utotoni pamoja na ile bunduki ya kufyatulia picha kwenye kioo. Alitaka amwonyeshe mwanawe. Kila kitu kilikuwa kizima lakini bunduki haikupiga kitu. Nikamweleza kwamba bunduki ile inasoma mwanga wa televisheni za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, na kwamba kwenye hizi bapa haitafanya kazi hata ikitengenezwa na malaika. Akaniuliza sisi mafundi tumeziweka wapi zile televisheni, kana kwamba mimi ndiye niliyezificha. Nilimpata moja Buzuruga, kwa mama lishe aliyekuwa akiitumia kama meza, na huyo baba aliibeba mwenyewe begani. Sikumcheka. Ukikaa kwenye kazi hii utajua kwamba wengi hawaleti mashine. Wanaleta siku fulani iliyomo ndani ya mashine.

Mimi jambo hilo nililijua kwa kuchelewa, na sasa nafika kwenye kosa lenyewe.

Mzee Magesa alikuwa na sheria moja ambayo hata yeye aliitii. Redio ya kaseti haijatengenezwa mpaka fundi arekodi sauti yake, arudishe nyuma, ajisikie. Kwa hiyo kila fundi alikuwa na kaseti yake ya majaribio, na yangu niliipaka rangi nyekundu ya kucha ili isichanganyike. Ukitengeneza, unaingiza kaseti yako, unabonyeza, unasema, "Moja, mbili, tatu, fundi Koku anajaribu." Kaseti ya mteja haiguswi. Mzee alilisema hilo mara nyingi mpaka nikaacha kulisikia.

Na kuna kitu kingine lazima niwaeleze, maana ninyi hamkukishika. Kwenye mgongo wa kaseti kulikuwa na vijino viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande. Ukikivunja kijino, mashine inakataa kurekodi juu ya upande ule. Kaseti zote za muziki za dukani zilikuja zimeshavunjwa. Sasa sisi Watanzania, nani atanunua kaseti tupu wakati nyumbani ipo ya muziki uliochosha? Unatafuna kikaratasi, unakisokomeza kwenye lile tundu, mashine inadanganyika, unarekodi unachotaka. Vidole vyangu vilifanya hivyo mara elfu bila kuniuliza.

Mzee Magesa alikuwa amesharudi kwao Majita kupumzika wakati Milembe alipoingia dukani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Usagara, mdogo kwangu kwa miaka michache, na ilikuwa Ijumaa. Aliweka mezani redio kubwa ya spika mbili, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ilikuwa ya baba yake, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba na kufariki miezi michache nyuma.

"Inakula mkanda," akasema. "Kaseti imo ndani, imenasa. Nisaidie dada, Jumapili tuna ibada ya kumkumbuka mzee na ndugu wote watakuwepo."

Nikamwambia aje kesho saa sita. Hakusema ni kaseti ya nini, nami sikuuliza.

Jumamosi ilikuwa siku yetu ya mgao, umeme unakatika saa sita kamili. Niliitoa kaseti, nikanyoosha mkanda uliojikunja, nikaurudisha mwanzo kwa kalamu. Nikasafisha kwa spiriti kile kichwa kinachosoma mkanda, nikabadilisha mpira wa kuzungushia. Ilipofika saa sita kasoro dakika ishirini ilikuwa inazunguka vizuri bila kaseti, ikabaki kurekodi. Kaseti yangu nyekundu ilikuwa imenasa ndani ya mashine nyingine, na kuitoa kulitaka kufungua skrubu sita. Nikaitazama kaseti ya Milembe. Ilikuwa na karatasi ya bendi ya dansi, imechakaa, nusu imebanduka. Muziki wa zamani, nikajisemea, na mwanzoni huwa ni magitaa tu. Vijino vyote viwili vilikuwa vimevunjwa. Nikatafuna kikaratasi.

Nilirekodi dakika nzima. Nilihesabu, nikajitaja jina, nikahesabu tena, kwa sababu spika ya kushoto nilikuwa na wasiwasi nayo. Kisha nikairudisha nikasikiliza. Sauti yangu ilitoka safi kabisa. Nikaiacha iendelee ili nisikie magitaa.

Hayakutoka magitaa. Ilitoka sauti ya mtoto wa kiume akisoma kwa mkazo wa mtangazaji: "Mbuzi wa jirani amekula shati la shule la msomaji wenu. Uchunguzi unaendelea." Nyuma yake mwanamume mzima akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Endelea, endelea na habari za hali ya hewa."

Baba yake Milembe alikuwa amenunua kaseti ya dansi, akasokomeza kikaratasi chake, akarekodi wanawe wakitangaza redio ya nyumbani. Alipomaliza akakitoa kile kikaratasi ili mtu yeyote asiguse tena. Vile vijino vilivyovunjika vilikuwa vinaniambia mimi.

Kosa hilo lilikuwa la mkono na haraka, na kama ningelisema siku ile nisingekuwa na cha kuandika leo. Lakini niliwaza Milembe anakuja, ndugu zake watakusanyika kesho, na pale mwanzoni, kabla ya sauti ya baba yao, watamsikia mwanamke akihesabu moja, mbili, tatu. Kulikuwa na njia. Ukichomeka plagi tupu kwenye tundu la kipaza sauti halafu ukarekodi, mashine inarekodi kimya. Nilifanya hivyo. Nilifuta sauti yangu, na kwa woga nikapitiliza. Nilipoisikiliza tena, habari ya mbuzi na shati ilikuwa imekwenda pamoja nayo, na upande A ukaanza na kimya kirefu kisha mtoto anasema, "Sasa hali ya hewa."

Milembe alikuja mapema kidogo, akaishukuru mikono yangu, akaondoka. Dakika tatu baadaye umeme ukakatika.

Alirudi Jumatano. Hakuwa na redio, alikuja mikono mitupu, bado amevaa nguo ya kazini yenye vumbi la chaki.

"Dada fundi, samahani. Kaseti inaweza kujifuta yenyewe?"

"Kivipi?"

"Mwanzo wake hauna kitu. Zamani ulikuwepo." Aliangalia chini. "Niliiweka juu ya spika muda mrefu. Kuna mtu kaniambia spika ina sumaku."

Nilikuwa nimeshika bisibisi, nakumbuka. Sentensi nzima ilikuwa mdomoni. Nikasema, "Sumaku hufuta, ndiyo."

"Basi ni mimi," akasema.

Nikamwacha aondoke na hilo.

Nimeishi na siku ile. Kuna watakaosema ilikuwa kaseti tu, na mimi nilijiambia hivyo mara nyingi nikienda na kurudi kazini. Mzee Magesa alifariki sikumwambia. Kaseti zikaisha, zikaja sidii, zikaisha nazo, zikaja flashi, na duka likawa la simu. Nikawafundisha wengi, mkiwemo ninyi, na kwa kila mmoja nilikuwa mkali kupita kiasi juu ya jambo moja: usiguse cha mteja kabla hujauliza ni cha nini. Mlidhani ni tabia ya uzee.

Wiki yangu ya mwisho kazini, ninyi mlikuwa mmekwenda kufuata vioo vya simu. Akaingia mama mmoja mwenye miwani na mkoba wa ngozi, mvi zimeanza pembeni. Nilimtambua kabla hajaisogeza ile kaseti mezani.

"Shikamoo fundi. Sijui kama unanikumbuka."

"Marahaba, mwalimu. Nakukumbuka."

"Nasikia mnahamishia kwenye simu."

Tunahamisha, nikamwambia, lakini kaseti haiharakishwi. Ya saa moja inachukua saa moja, na lazima isikilizwe. Akasema atasubiri. Nikatoa mashine ya kaseti kutoka kabatini, nikaiunga na kompyuta, nikamwekea kiti karibu yangu kwa sababu sikuwa na namna ya kumweka mbali.

Mkanda ukaanza. Kwenye kompyuta, pale ambapo sauti hupanda na kushuka, mstari ulinyooka. Tukautazama wote wawili.

"Hapa ndipo nilipoharibu," Milembe akasema. Alizungumza bila uchungu, namna mtu anavyotaja kilema alichokizoea. "Baba hakuwa mtu wa kusifu. Kaka yangu Masalu alikuwa wa kwanza darasani kila mwaka, na kila mwaka baba alitazama ripoti akasema sawa. Hapa mwanzoni ndipo alipomsifu. Mara moja tu maisha yake yote, na ni hapa. Mimi nilikuwepo, nilikuwa darasa la kwanza, ndiye niliyebonyeza kitufe. Jumapili ile ya ibada Masalu alitoka Geita machimboni, akaketi mbele ya redio na wanawe, akawaambia msikilizeni babu yenu. Ikatoka kimya."

"Akasemaje?"

"Alisema nimewaacha watoto waichezee. Nikamwambia ni sumaku, akasema sumaku ni mimi. Tangu hapo tunaonana misibani. Nikitaja kaseti anakata simu." Alifungua mkoba, akatoa kitambaa, akafuta miwani. "Sasa anastaafu, anarudi nyumbani. Nimeona nimtumie hata hiki kilichobaki. Fundi, nikuulize. Hapa penye kimya, unaweza kuweka sauti yangu? Nataka nimwombe msamaha palepale, ili akifungua aanze na hilo."

Mtoto kwenye mkanda akasema, "Sasa hali ya hewa," na baba yake akacheka. Milembe akatabasamu. Tulisikiliza saa nzima. Kulikuwa na bei za pamba, ajali ya baiskeli ya mjomba, mama yao akisalimia kwa Kisukuma, "mwangaluka," kwa aibu kisha akikimbia, na Milembe mwenyewe, sauti ndogo, akiuliza kama redio bado inarekodi. Nilikuwa na saa nzima ya kusema na sikusema.

Mkanda ukaisha. Nikaweka kipaza sauti mbele yake kwa sababu aliniomba. Nikabonyeza. Akakohoa kidogo, akaanza.

"Kaka Masalu, shikamoo. Ni mimi mdogo wako. Nimekosa. Kaseti ya baba niliiharibu kwa uzembe wangu, na..."

Nikazima. Alidhani kuna hitilafu, akanitazama akisubiri.

"Hukuiharibu wewe," nikasema. "Ni mimi."

Nilimweleza kwa mpangilio, kama ninavyowaeleza ninyi. Mgao, kaseti nyekundu, kikaratasi, kuhesabu, plagi tupu. Sikupunguza.

Kisha akauliza, "Siku ile nilipokuja kukuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakwambia niliiweka juu ya spika."

"Ndiyo."

"Ukasema sumaku hufuta."

"Ndiyo, mwalimu."

Akainuka, nikafikiri anaondoka. Alikwenda mpaka mlangoni akasimama akitazama barabara, mkoba kifuani, kwa muda ambao bajaji nyingi zilipita. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na alikishika kile kipaza sauti akakigeuza kunielekea mimi.

"Sema wewe," akasema. "Jina lako, kazi yako, na ulichofanya. Mimi nimemwambia kaka miaka yote hii, hakunisikia."

Nikasema. Nilitaja jina langu lote, hata lile la ubatizo ambalo dukani hakuna anayelijua. Nilisema nilifuta mara mbili, mara ya kwanza kwa kutojua na ya pili kwa kujua, na kwamba dada yake alinijia akiuliza nami nikamdanganya. Nilimwomba msamaha yeye, baba yake na dada yake. Nikahamisha yote kwenye simu ya Milembe, naye akaituma mbele yangu bila kuisikiliza tena.

Tukasubiri. Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Nilimletea maji ya kunywa, hakuyagusa. Vile vitiki viwili kwenye simu vilikaa vya kijivu, vilikaa, vikageuka bluu. Dakika zikapita. Ndipo simu ikaita.

Aliipokea akiiweka mezani, sauti ikiwa wazi, sijui kwa makusudi au kwa bahati.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba." Ilikuwa sauti nzito ya mtu mzima aliyekaa machimboni muda mrefu. "Milembe. Wewe ulikuwepo siku ile, si ndiyo? Ulibonyeza kitufe."

"Nilikuwepo."

"Baba alisema nini pale? Mimi najaribu kukumbuka, kila mwaka naona napunguza neno. Naogopa nimejitungia."

Milembe alinyoosha mgongo. Aliweka mikono yote miwili mezani, na alipofungua kinywa alizungumza kwa sauti ya chini, nzito, ambayo haikuwa yake.

"Leo taarifa ya habari itasomwa na mwanangu Masalu, darasa la tano. Anasoma vizuri kunishinda mimi baba yake. Msikilizeni."

"Rudia," akasema kaka yake.

Akarudia.